Jinsi PAC ya chama cha wataalamu wa afya Marekani inavyochangia wagombea

Sheria ya shirikisho ya Marekani hairuhusu kampuni kumpa mgombea wa Congress (Bunge la Marekani) au wa urais hata senti moja kutoka kwenye hazina yake, na vyama vya taaluma kwa kawaida vimesajiliwa kama kampuni. Ndiyo maana chama cha madaktari, wauguzi au wafiziotherapia hufungua mfuko wa pembeni, PAC (kamati ya michango ya kisiasa), unaokusanya michango ya hiari ya wanachama. Wa madaktari, AMPAC, upo tangu 1961. Kazi nzito ni kuhakikisha kila dola imetoka kwa mtu anayeruhusiwa kuitoa. Kuchagua mgombea huja baadaye.

Fungua akaunti ya benki ya PAC peke yake, teua mweka hazina, na ndani ya siku 10 tangu mfuko uanzishwe wasilisha Fomu 1, ya usajili, kwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, FEC. Mteue na msaidizi wa mweka hazina siku hiyohiyo, maana kiti hicho kikiwa wazi PAC hairuhusiwi kupokea wala kutoa chochote. Ada za uanachama zinaweza kulipia mishahara, ofisi na gharama za kuchangisha, ila zisiingie kwenye fedha anazopewa mgombea.

Wanaoombwa ni wanachama, viongozi na watendaji wakuu wa chama, pamoja na familia zao. Wagonjwa hawaombwi. Kila ombi liseme wazi kwamba fedha ni za kisiasa na kwamba mtu anaweza kukataa bila kuadhibiwa. Ukipendekeza kiasi, mwambie yuko huru kutoa zaidi au pungufu. Mtu mmoja hatoi zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka, na taslimu isizidi dola 100. Akivuka dola 200 kwa mwaka, unatakiwa kuripoti jina, anwani, kazi na mwajiri wake, kwa hiyo fomu ya mchango iulize yote manne tangu mwanzo. Kuyatafuta baadaye kwa simu ni mateso.

Makosa mengi huanzia kwenye hundi. Mwenye kliniki yake amezoea kulipia kila kitu kwa hundi ya kliniki. Tazama pembe ya juu kushoto: jina likifuatwa na “P.C.” (kampuni ya wanataaluma) au “Inc.”, hiyo ni fedha ya kampuni. Irudishe, omba hundi binafsi. Ikiwa ni “LLC” (kampuni yenye dhima yenye ukomo), uliza inalipaje kodi. Inayotozwa kama kampuni nayo imekatazwa. Mchango wenye shaka unaweza kuuweka benki ndani ya siku 10 huku ukiuliza, lakini uhalali wake usipothibitika ndani ya siku 30, rudisha fedha.

Jambo la pili linawagusa moja kwa moja wauguzi waliotoka Afrika Mashariki. Mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) anaruhusiwa kuchangia. Mwenye viza ya muda, iwe ya kazi au ya masomo, haruhusiwi, hata kama ni mwanachama hai mwenye leseni, wala asikae kwenye kikao kinachoamua nani apewe.

Sasa mgombea. PAC changa ina ukomo wa dola 3,500 kwa kila uchaguzi katika msimu wa 2025–2026. Ikishatimiza miezi 6 ya usajili, wachangiaji zaidi ya 50 na wagombea 5 wa shirikisho waliopewa, inapanda hadi dola 5,000, na ndani ya siku 10 inawasilisha Fomu 1M kuthibitisha hadhi hiyo mpya. Mchujo na uchaguzi mkuu huhesabiwa kila mmoja peke yake, hivyo mgombea mmoja anaweza kupata dola 10,000. Andika kwenye hundi ni ya uchaguzi upi. Isiyoandikwa huhesabiwa kwa uchaguzi unaofuata, na kwa njia hiyo PAC hujikuta imevuka ukomo wa mchujo bila kukusudia.

Kwa malipo ya Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, tazama kwanza wajumbe wa kamati za Ways and Means na Energy and Commerce za Baraza la Wawakilishi, na ya Finance kwa upande wa Seneti. Lakini dola 5,000 ni tone tu kwenye kampeni ya Congress. Kinachokumbukwa ni aliyeileta, kwa hiyo mtume mwanachama anayeishi na kutibu watu katika jimbo la uchaguzi la mgombea huyo. Akabidhi kwenye hafla ya kampeni, kamwe si ofisini kwa mbunge, na asitaje muswada wowote anapokabidhi: fedha zikifungamanishwa na kura, ni rushwa, na ni kosa la jinai.

Anayeripoti kila mwezi hupeleka Fomu 3X, ripoti ya mapato na matumizi, kabla ya tarehe 20 kupita. FEC hulinganisha ripoti yako na ya mgombea, na tofauti ya tarehe au kiasi huleta barua ya kutaka maelezo. Tunza nakala ya kila hundi kwa miaka 3.