SOMO: Kugawana hazina mezani bila kundi kuvunjika (someni lote kabla ya kunifuata inboksi)

Nduzangu, wiki hii nimeulizwa swali moja mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa saa sita usiku: "Tumeua joka, tumepata upanga, wawili wanautaka, tufanyeje?" Kila mara naandika jibu nusu kwenye simu, nalala, asubuhi nakuta kundi limeshagombana. Basi naliandika hapa lote.

Sisi twacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano (gemu ya mezani ambapo kila mchezaji huigiza mhusika wake, na dadu huamua mengi), nyumbani kwetu Mji wa Kale, kila Jumamosi baada ya Isha. Wachezaji wanne na msimulizi mmoja, anayesimulia kisa na kuwaendesha maadui. Mimi ndiye karani wa mali tangu tuanze. Hesabu za hapa zafaa gemu yoyote ya mezani ambayo wahusika huokota mali pamoja.

Hatua ya 1. Kubalianeni kabla sanduku halijafunguliwa. Mtu akishauona upanga unang'aa, hana tena rai, ana haja.

Hatua ya 2. Karani mmoja, daftari moja. Asiwe msimulizi, ana kazi ya kumtosha.

Hatua ya 3. Geuzeni sarafu zote ziwe dhahabu. Shaba 100 ni dhahabu 1, fedha 10 ni dhahabu 1, platinamu 1 ni dhahabu 10. Vito na vitu vya sanaa hupata bei yake kamili sokoni. Silaha na deraya za kawaida, zikiwa nzima, hupata nusu.

Almasi msiiuze. Kumrudisha kwa uchawi aliyekufa ndani ya dakika moja kunataka almasi ya dhahabu 300. Aliyekufa hadi siku kumi anataka almasi ya 500. Mkiwa porini, mwenzenu amelala chini, dhahabu elfu mfukoni haziwafai kitu.

Hatua ya 4. Toeni fungu la chombo. Wavuvi wetu hawagawi pesa ya samaki kwa vichwa vya watu tu. Gharama zikishatolewa, chombo nacho kina fungu lake, maana bila chombo hakuna aliyevua. Fanyeni vivyo hivyo: wachezaji wanne, mafungu matano. Fungu la tano ni la kundi, na hununua dawa za kuponya (dhahabu 50 kwa chupa), kamba, almasi, na nauli ya jahazi. Kundi lisilo na fungu hili hubishana kila mara nani anunue dawa, na anayenunua huwa yule yule mwenye huruma.

Hatua ya 5. Bei ya kitu anachochukua mtu. Hapa tulieni. Mimi nimekosea hapa mara mbili, na mara ya kwanza ilitugharimu mwenzetu.

Mwanzo sheria yetu ilikuwa: kitu cha uchawi apewe kinayemfaa, bure, na sarafu tugawane sawa. Ilionekana ni uungwana. Ngao ikaenda kwa mpiganaji, maana nani mwingine abebe ngao? Deraya, mpiganaji. Upanga, mpiganaji. Mchezaji wa mhusika mwizi alikuwa akisema "sawa tu" kila mara, huku akiviringisha dadu yake kidoleni. Baada ya miezi mitatu akaanza kusema kazi imemchosha. Kisha hakuja tena. Nilipoketi na daftari nikajumlisha kwa bei ya kuuzia, mpiganaji alikuwa amebeba mali ya dhahabu 2,600 juu ya sarafu zake, na mwizi 250. Hakuwa amechoka na kazi. Daftari lilikuwa mkononi mwangu muda wote, na sikujumlisha.

Nikageukia upande wa pili: achukuaye kitu akatwe bei kamili ya kununulia dukani. Ikawa hakuna anayechukua. Kila kitu kikauzwa nusu bei, mifuko ikajaa, tukaingia pangoni na vyuma vya kawaida tukakutana na kiumbe asiyedhurika kwa chuma cha kawaida. Wahusika wawili walifia pale, na mimi ndiye niliyeileta sheria ile.

Bei sahihi ni bei ambayo mngepata kama mngekiuza. Kundi likikuachia upanga, kinachotoka mifukoni mwa wenzako ni pesa ambayo mwenye duka angewapa. Si zaidi, si pungufu.

Mfano. Sarafu 1,200, na upanga ambao mwenye duka angeununua kwa 800. Jumla 2,000. Mafungu matano, kila fungu 400. Anayechukua upanga ameshika mali ya 800, fungu lake ni 400, kwa hiyo atoa 400 mfukoni. Sarafu zawa 1,600, zagawanywa kwa wenzake watatu na chombo: 400, 400, 400, 400. Kila mtu yuko sawa, na upanga haukuuzwa.

Maonyo:
- Muulizeni msimulizi bei kabla mtu hajasema anakitaka. Akishajua nani anakitaka, moyo wake utavuta upande mmoja hata kama hakusudii.
- Asiye na 400 aandikiwe deni, na deni likatwe kwenye hazina ijayo kabla ya kitu kingine. Deni lisiloandikwa ni zawadi iliyotolewa na watu ambao hawakuulizwa.
- Kitu ambacho hakijajulikana kina uchawi gani kisigawiwe. Kikae kwenye fungu la chombo hadi kijulikane.

Hatua ya 6. Wawili wakikitaka kitu kimoja: dau la siri. Kila mmoja aandike kwenye kikaratasi kiasi ambacho, akikilipa, ataondoka ameridhika. Kisiwe chini ya bei ya kuuzia. Karatasi zikunjwe, zifunguliwe pamoja. Wa juu achukua, na dau lake ndilo bei. Upanga ule ule ukienda kwa 1,050, jumla yawa 2,250, kila fungu 450. Mshindi atoa 600, wengine na chombo wapata 450 badala ya 400. Aliyekosa upanga amepata kitu. Madau yakilingana, rusheni dadu.

Msifanye mnada wa kupiga kelele. Hapo hushinda mwenye sauti, na mpole hunyamaza akabaki na kinyongo.

Hatua ya 7. Vikorokoro vidogo, chagueni kwa zamu: wa 1, 2, 3, 4, kisha 4, 3, 2, 1.

Hatua ya 8. Karani asome daftari kwa sauti kabla watu hawajainuka.

---

MASWALI

Likoni Mwamba: Ndefu sana hii. Kwa ufupi upanga achukue nani?

Karani wa Meza: Hatua ya 6.

Binti Kisauni: Dada Karani, ahsante. Nina swali kuhusu hatua ya 5. Kama ni mimi tu ninayeutaka upanga, nalipa 800. Tukiwa wawili, huenda nikalipa 1,050 kwa upanga ule ule. Je, si nimeonewa kwa sababu tu mwenzangu naye ameutaka?

Karani wa Meza: Swali zuri, mdogo wangu, nami nililifikiria sana. Ukiwa peke yako, wenzako wanakosa pesa ya dukani tu, 800, kwa hiyo hiyo ndiyo haki yao. Mkiwa wawili, mwenzako anakosa upanga wenyewe. Tuseme yeye aliandika 1,000: kwake upanga ule una thamani ya 1,000, na wewe ndiye unayemkosesha. Ukiupata kwa 800, amepoteza kitu ambacho hakuna anayemrudishia. Halafu angalia, hayo unayozidisha hayapotei. Yanaingia kwenye chungu, na sehemu yako wewe pia yaongezeka, kutoka 400 hadi 450. Ushauri mmoja: andika kiasi cha kweli. Ukiandika kikubwa kumkomoa mwenzako, utaondoka na upanga na deni.

Binti Kisauni: Nimeelewa sasa. Na sisi tuko wawili tu na msimulizi, mimi na kaka yangu. Tufanye dau pia?

Karani wa Meza: Mkiwa wawili kuna njia rahisi zaidi: mmoja agawe hazina mafungu mawili, mwingine achague kwanza. Mgawaji atajitahidi mafungu yawe sawa machoni pake, maana hajui lipi litambakia. Badilishaneni kila kikao nani agawe. Kama mlivyokuwa mkigawana mkate wa sinia utotoni.

Changamoto001: Vito tunauza nusu bei sivyo?

Karani wa Meza: Hatua ya 3.

Changamoto001: Si ungejibu tu vizuri. Watu wanauliza ili wajifunze.

Karani wa Meza: Nimejibu. Imeandikwa pale: bei kamili. Nimekaa saa mbili kuandika hili somo ili mtu asihitaji kuniuliza.

Kaka wa Changamwe: Kwetu mwizi hutangulia, hujaza mfuko, ndiyo huita wenzake. Anasema ndivyo mhusika wake alivyo. Utamwambiaje?

Karani wa Meza: Mhusika kamchagua yeye, hakushushiwa. Mwambieni aibe kwa wenye ngome, asiibe kwa watu aliokuja nao kunywa chai. Na aambiwe siku isiyo ya kikao, si mbele ya watu.

Mzee wa Bao: Mwanangu, sisi twacheza sheria za zamani, zile za msingi za 1981. Huko dhahabu ndiyo uzoefu: ukitoka pangoni na dhahabu moja, umepata alama moja. Sasa mtu akikatwa 400 kwa ajili ya upanga, je, na alama zake zapungua?

Karani wa Meza: Shikamoo mzee. Nimefurahi sana kuna mtu hapa anayecheza hizo. Fikra hiyo ya kupata uzoefu kwa hazina ilikuwamo tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa toleo la kwanza mwaka 1974, na inabadilisha mchezo mzima, maana yawalipa watu kwa kutoka na mali, si kwa kuua tu. Ushauri wangu: tenganisha vitu viwili. Mkitoka pangoni, hesabuni dhahabu yote, gawanyeni alama sawa kwa walio hai, andikeni, mfunge. Ndiyo sasa mgawane mali, kwa fungu la chombo, deni na dau. Mali ikihamahama baadaye, alama haziguswi. Mkichanganya, mchawi wenu ndiye ataumia zaidi: yeye ahitaji alama 2,500 kufika levo (daraja) ya pili, mwizi ahitaji 1,200 tu. Mchawi akijua kuchukua fimbo kwamnyima levo, hataichukua, na kundi zima litakosa fimbo.

Mzee wa Bao: Marahaba. Hiyo ya kutenganisha hatukuwa nayo. Tutaianza Ijumaa.

Feri Tena: Mimi naishi Likoni, wiki iliyopita feri ilinichelewesha nikafika hazina imeshagawiwa. Nina haki?

Karani wa Meza: Mhusika wako alikuwa kwenye vita?

Feri Tena: Ndiyo, msimulizi alimwendesha yeye.

Karani wa Meza: Basi una fungu kamili la sarafu, hilo halina mjadala. Kwa vitu, sisi hatugawi chochote kikubwa kama mtu hayupo. Vyakaa kwenye chombo hadi kikao kijacho. Kama wanahitaji upanga usiku ule ule, mpiganaji auazime, na daftari liseme "ameazima".

Tudor Msimulizi: Naongeza kwa upande wa wasimulizi. Toleo la tano mtu hawezi kufungamana na zaidi ya vitu vitatu vya uchawi kwa wakati mmoja (kufungamana ni kujiunganisha na kitu ili uchawi wake umfanyie kazi). Mpiganaji akishafika vitatu, mkumbusheni kabla hajatia dau la cha nne. Mara nyingi huacha mwenyewe.

Karani wa Meza: Kweli kabisa, na nilisahau kuiandika. Si kila kitu huhitaji kufungamana, lakini vile vikubwa vingi huhitaji.

Binti Kisauni: Na mtu akifa? Mali yake twagawana?

Karani wa Meza: Angalia kwanza mhusika mpya anakuja na nini. Kama msimulizi anampa vifaa vya levo yake, nanyi mmegawana vya marehemu, kila kifo kinalitajirisha kundi. Niliona meza moja ambapo mtu akifa wenzake wanachangamka. Sisi: deni lake hulipwa kwanza, kitu kimoja hubaki kwa rafiki aliyemtaja akiwa hai, kilichobaki huzikwa naye au huingia kwenye chombo, na mhusika mpya hupewa kutoka humo. Kila mchezaji aandike wasia mstari mmoja nyuma ya karatasi ya mhusika wake.

Likoni Mwamba: Sawa nimesoma lote sasa. Samahani kwa pale juu. Sarafu mwazihesabu kwa kalamu tu?

Karani wa Meza: Hapana neno, kaka. Sisi twatumia komwe za bao la babu. Komwe moja ni dhahabu 50, na kwa toleo letu sarafu 50 zina uzito wa ratili moja, kwa hiyo komwe moja ni ratili moja pia. Ile hazina ya 1,200 ni komwe 24. Zimwage katikati ya meza, watu wahesabu kwa mikono yao, halafu kila mtu aweke zake kwenye kikombe cha kahawa. Kikombe kikifurika, mhusika amebeba zaidi ya anavyoweza kukimbia nazo, na huhitaji kumwambia.

Mzee wa Bao: Zioshwe kwanza na zikaushwe kivulini. Zikianikwa juani rangi yapauka.