Kufunga supachaja (pampu ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) kwenye Mazda MX-5 ya 1990
Kabla hujafungua bolti hata moja, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Injini hii ya lita 1.6 ina uwiano wa mgandamizo wa 9.4 kwa 1, na silinda iliyochoka haitavumilia hewa ya kusukumwa. Zangu nne zilisoma karibu sawa, nikaendelea.

Kuifunga yenyewe ni kazi ya spana tu. Shughuli iko kwenye mkanda unaoizungusha. Laza rula ya chuma kutoka puli ya kranki (gurudumu la mkanda kwenye injini) hadi ya supachaja. Ukiona mwanga unapenya, ongeza washa (kipete cha chuma) nyembamba. Mimi niliachia pengo la milimita mbili, mkanda ukalia na kumwaga unga mweusi chini ya boneti.

Halafu petroli: weka nozeli kubwa zaidi, rudisha taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) nyuma. Ukisikia injini inagonga, ondoa mguu kwenye pedali ya mafuta papo hapo.