Kabla Hujalipia Mtoto wa Mbwa, Nenda Ukamwone Mama Yake

Babu yangu wa Bahi hakuondoka mnadani na dume la ng'ombe kabla hajaulizia habari za mama yake. Alitoka zizi gani, alikuwa akitoa maziwa kiasi gani, alizaa kwa taabu au kwa wepesi, kiangazi kikali alikivukaje. Nilikua nikiyasikia maswali hayo, kisha nikayasahau yote siku nilipohitaji mbwa.

Nilikuwa nimehamia Iyumbu, hapa Dodoma, nyumba haijapata uzio, natafuta mbwa wa ulinzi. Nikatumiwa picha kwenye simu: mtoto wa jemani shepadi wa wiki 6, masikio bado yamelala, na pembeni yake karatasi yenye mhuri na majina ya babu na bibi zake. Nikatuma pesa. Akaletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, kilomita zipatazo 450, ndani ya boksi lililotobolewa matundu. Alipofika miezi 8 akaanza kukimbia kama sungura, miguu ya nyuma ikiruka kwa pamoja, na kila asubuhi alijikongoja kuinuka. Daktari wa mifugo akampiga eksirei, akanionyesha vichwa vya mifupa ya mapaja visivyokaa sawasawa kwenye vikombe vya nyonga. Aliishi na maumivu hayo mpaka miaka 4. Nilimpenda sana mbwa yule, na ninayoyaandika hapa nimefundishwa na yeye.

Nianze na karatasi, maana ndiyo inayotuteka. Hati ya nasaba ni orodha ya nani kazaliwa na nani kwa vizazi vitatu, vinne au vitano. Jemani shepadi wenyewe walianza na daftari la namna hiyo: mwaka 1899 huko Ujerumani, Max von Stephanitz alimwandikisha dume aliyeitwa Horand von Grafrath kuwa mbwa wa kwanza, na chama kilichoanzishwa mwaka huohuo kikaanza kutunza kumbukumbu za uzao. Kwa hiyo nguvu ya hati iko kwa chama kinachotunza daftari. Kwa majirani zetu Nairobi ipo East Africa Kennel Club, na Afrika Kusini ipo Kennel Union of Southern Africa. Hati ya chama huwa na namba za usajili, na chama unaweza kukiandikia ukauliza kama namba hizo ni za mbwa unayeonyeshwa. Kama mbwa amewekewa chipu chini ya ngozi, namba yake, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 15, ilingane na iliyoandikwa kwenye hati. Karatasi niliyopewa mimi haikuwa na namba hata moja, na sikujua kwamba nilipaswa kuitafuta.

Hata hivyo hati ya kweli nayo haisemi kama nyonga za hao waliotajwa zilikuwa nzima. Kuna jambo moja tu ambalo unaweza kulisoma humo kwa macho yako: jina linalojirudia. Ukikuta dume yuleyule upande wa baba na upande wa mama, ujue ndugu wamepandishwa. Kasoro nyingi za kurithi hujificha mpaka mtoto azipokee kutoka pande zote mbili, na ndugu wana uwezekano mkubwa wa kubeba kasoro ileile. Wataalamu wa uzalishaji huupima ukaribu huo kwa asilimia. Mtoto wa kaka na dada, au wa baba na binti yake, anahesabiwa 25. Wa ndugu waliochangia mzazi mmoja, 12.5, wa binamu, 6.25. Katika mji kama huu wetu hatari hiyo haiko mbali. Majike wa aina moja ni wachache, na dume akishasifiwa anapelekwa kupandisha kuanzia Kisasa hadi Nzuguni, baada ya miaka michache anarudishiwa binti zake. Muulize mfugaji bila haya: huyu dume ni nani kwa huyu jike? Anayejua mifugo yake hukujibu palepale.

Baada ya hapo nenda nyumbani kwake ukamwone mama. Usikubali kukutana stendi wala kuletewa mtoto ndani ya gari. Mama unamkuta na watoto wake, matiti yamenyonywa, na watoto wanamkimbilia. Ukiambiwa amesafiri, au ukaletewa jike mwenye tumbo lililobana kama hajazaa mwaka huu, shukuru kwa muda wao uondoke. Mtazame anavyoinuka kutoka chini. Mtazame anavyotembea ukiwa nyuma yake. Picha ya nyonga ndiyo inayotoa jibu la uhakika zaidi kwa mbwa wakubwa kama jemani shepadi, rotwaila na Boerboel, na inapigwa mzazi akishakomaa. Nchini Marekani OFA, taasisi inayokagua mifupa ya mbwa, haitoi cheti cha kudumu cha nyonga kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Mfugaji aliyegharamia picha hiyo kwa wazazi wote wawili, mlipe anachoomba. Wazazi wenye nyonga nzuri wanaweza bado kuzaa mtoto mwenye kasoro, ila uwezekano unapungua sana. Picha isipokuwepo, macho yako na umri wa jike ndivyo ulivyo navyo. Jike aliyepandishwa kwenye joto lake la kwanza, yaani mara ya kwanza anapokuwa tayari kupandwa, hajamaliza hata kukua mwenyewe, na hakuna aliyekwisha kujua ana kasoro gani.

Tabia nayo inatoka hapohapo. Jike anayejificha nyuma ya tanki la maji akiona mgeni, au anayetaka kukurarua huku mwenyewe akimtuliza bila mafanikio, atakuachia mtoto wa namna hiyo, kwa damu na kwa kumwiga. Watoto wa mbwa wanajifunza dunia kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 au 14 hivi, na nusu ya muda huo wanaye mama. Ndiyo maana wiki 8 ni umri mzuri wa kumchukua, na wiki 6, kama wangu, ni kumnyima masomo. Mbwa mzuri wa ulinzi anabweka, anasogea, anakuangalia, na mwenye nyumba akishakukaribisha anatulia. Wengi wetu tunachanganya woga na ukali, kisha mtoto wa jirani anang'atwa.

Habari za baba zinahitaji swali ambalo watu hawalifikirii. Joto la jike huchukua karibu wiki 3, na ndani yake zipo siku kadhaa ambazo anaweza kushika mimba. Akipandwa na madume wawili katika siku hizo, uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili. Nyumba nyingi za huku kwetu uzio ni minyaa au hakuna kabisa, na mbwa wa mtaa mzima wananusa joto hilo toka mbali. Basi ulizia jike alifungiwa wapi wakati ule, na alikaa ndani siku ngapi baada ya kurudi kutoka kwa dume. Kipimo cha vinasaba kinaweza kumaliza ubishi, lakini jibu la mfungaji wa banda linakuonyesha mengi kwa bure.

Kumkagua mtoto mwenyewe hakukuchukulii muda mrefu. Dume wa wiki 8 awe na korodani zote mbili zimeshuka. Moja ikibaki tumboni ni kasoro ya kurithi, na mbwa huyo asije akazalishwa. Tazama kitovu kama kuna uvimbe wa ngiri, na meno ya juu na ya chini kama yanakutana vizuri. Awe amekwisha kupewa dawa ya minyoo zaidi ya mara moja, na kadi ionyeshe chanjo ya kwanza ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, chanjo ambayo utaiendeleza kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Ukichagua rotwaila usichelewe hata siku, maana aina hiyo inaelemewa na parvo kuliko nyingi. Chanjo ya kichaa cha mbwa inafuata akiwa na miezi 3.

Niseme pia ninachoamini baada ya yote hayo. Dodoma ni kavu, kupe wapo popote ng'ombe wanapopita, na jua la Oktoba halina huruma kwa mbwa mwenye manyoya mazito wala mwenye pua fupi. Mbwa wa kienyeji wanaofuata ng'ombe huku Ugogoni wamechujwa na hali hiyo kwa vizazi vingi. Chotara wa jike unayemfahamu, aliyelinda boma miaka 5 bila kuchechemea, ana nasaba ya kuaminika kuliko majina ya Kijerumani yaliyopigwa chapa dukani.

Ombi la mwisho kwa mfugaji ni namba ya mtu aliyenunua kwenye uzao uliopita wa wazazi walewale. Mbwa niliye naye sasa nilimpata hivyo. Kabla sijalipa nilikwenda Ilazo kumwona kaka yake mkubwa, wakati ule akiwa na miaka 2 na nusu. Mama mwenye nyumba aliniwekea kiti kivulini, akamfungulia mbwa, akamrushia ndala yake mbali. Akaiendea kwa mbio, miguu ya nyuma ikipishana mmoja baada ya mwingine, akageuka na kuirudisha. Nikaomba airushe tena.