Kukagua na kutunza meno ya sungura

Sungura ana meno 28, na yote hukua mpaka anakufa. Ya mbele huongezeka kama milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Wengi humwekea kipande cha mti atafune, basi. Mti husaidia meno ya mbele kidogo tu. Magego, yanakoanzia matatizo mengi, husagwa na nyasi ndefu, maana huzitafuna kwa kupeleka taya kushoto na kulia. Pelete (chakula cha vidonge cha dukani) na pumba havina kazi hiyo.

Kwa hiyo nyasi kavu zisikosekane usiku na mchana. Kila siku weka lundo lisilopungua ukubwa wa mwili wake. Nyasi aina ya Rhodes zinafaa sana. Zikaushe kivulini na uzitupe zikiota ukungu. Pelete zisizidi gramu 25 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake.

Mara moja kwa wiki mpime uzito, kisha mkague. Kaa chini, mpakate mgongo wake ukiegemea tumbo lako, mkono mmoja ukishika makalio. Akirusha teke hewani anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Panua midomo kwa vidole. Meno ya juu yanatakiwa kukaa mbele kidogo ya yale ya chini. Vijino viwili vidogo nyuma ya yale ya juu ni vya kawaida, usishtuke. Halafu papasa chini ya taya, pande zote mbili. Uvimbe mgumu upande mmoja mara nyingi ni jipu la mzizi wa jino, na usaha wake ni mzito kama dawa ya meno, hivyo kutoboa kwa sindano hakusaidii.

Magego huwezi kuyaona nyumbani. Dalili ndizo zitakazokwambia: kidevu kilicholowa mate, jicho moja kutoa machozi, kuokota karoti kisha kuiangusha, kuacha nyasi na kuchagua vyakula laini, kinyesi kuwa kidogo.

Usikate meno kwa mkasi wa kucha wala koleo. Jino hupasuka kwa urefu hadi kwenye mzizi, na hapo maambukizi huingia. Daktari wa mifugo hutumia mashine ya kusaga. Kwa magego humlaza kwa nusukaputi. Ukiambiwa umnyime chakula usiku kucha kabla ya hapo, mkumbushe kuwa huyu ni sungura: hatapiki, na tumbo lake likikaa tupu huacha kufanya kazi. Akigoma kula mwenyewe kwa saa 12, mpeleke siku hiyohiyo.