Somo: Kumwekea mteja mipaka kwenye Ubuntu ya dukani

Kompyuta ya hapa stesheneri, yenye mfumo wa Ubuntu, inapita mikononi mwa kila mtu. Juzi nimetoka kula, narudi nakuta picha ya msanii imejaa skrini na folda yangu ya madeni iko wazi. Kosa ni langu, wote walikuwa wanatumia akaunti yangu.

Hatua ya 1. Kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri), fungua akaunti ya wateja, kisha angalia makundi yake:

sudo adduser mteja
groups mteja

Ukiona neno sudo (kundi la wenye ruhusa ya msimamizi) kwenye jibu, mtoe: sudo deluser mteja sudo. Ukiishia hapa tu, umeshamaliza nusu ya kazi. Asiye na sudo hasakinishi kitu kwa apt (amri ya kusakinisha programu) wala hagusi mafaili ya mfumo.

Hatua ya 2. Ubuntu za kabla ya 21.04 ziliacha folda ya kila mtumiaji isomwe na wenzake, na ukipandisha toleo, folda za zamani hubaki vilevile. Funga ya kwako (jina_lako ni jina la akaunti yako):

sudo chmod 750 /home/jina_lako

Hatua ya 3. Picha ya skrini. Hapa taratibu, tunatumia dconf, hifadhi ya mipangilio ya skrini. Kwenye faili /etc/dconf/profile/user (kama halipo, litengeneze) weka:

user-db:user
system-db:local

Kwenye /etc/dconf/db/local.d/00-duka (duka.jpg ni picha yako, iweke humo kwanza):

[org/gnome/desktop/background]
picture-uri='file:///usr/share/backgrounds/duka.jpg'

Kufuli linakaa /etc/dconf/db/local.d/locks/duka, mstari mmoja:

/org/gnome/desktop/background/picture-uri

Malizia na sudo dconf update, toka, ingia tena. Kufuli hili linakubana na wewe mwenyewe.

MASWALI

Mkuu, nimefuata yote, picha bado inabadilika.
Bila shaka unatumia mwonekano wa giza. Huo una picha yake, picture-uri-dark. Iandike na kuifunga vilevile.

Akibonyeza Ctrl+Alt+F3 si anatoroka?
Atakuta skrini nyeusi inamwuliza jina na nywila. Akiingia ni mteja yuleyule.

Na akiiwasha upya akachagua recovery (hali ya ukarabati)?
Hapo kaka umenishika. Anapata root (mamlaka yote ya mfumo) bila kuulizwa nywila. Weka nywila kwenye GRUB (menyu ya kuwashia), na kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) zuia kuwaka kwa flashi. Mwenye bisibisi atang'oa diski, huyo mlinde kwa macho.

CV za wateja zinazobaki Downloads?
Nafuta kwa mkono kila jioni. Jana nimekuta vyeti vya kuzaliwa vitatu.