Kuzalisha fangasi wa mizizi kwa ajili ya mimea dawa

Mrehani, pakanga, mshubiri na tangawizi hukaa na fangasi ndani ya mizizi yao, maikoriza. Mmea huwapa sukari, nao huuletea fosforasi kutoka kusikofikiwa na mzizi. Udongo ukishiba fosforasi, mmea hujitosheleza na huacha kuwalisha. Kwa hiyo DAP (mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi) na samadi nyingi ya kuku viondoke kwanza. Wengi hushindwa hapa, halafu hulaumu mbegu ya fangasi.

Chimba udongo wenye vijizizi vyembamba chini ya mimea iliyostawi bila mbolea, kina cha sentimita 5 hadi 20. Ukiona mafundo kwenye mizizi, achana nao. Utahamisha minyoo fundo. Changanya sehemu 1 ya udongo huo na sehemu 4 za mchanga uliopikwa kwa mvuke saa 1 ukapoa, jaza chungu cha lita 5, kisha sia punje 15 za mtama. Kabichi na jamii yake hazifai, maana hazipokei fangasi hawa.

Mwagilia miezi 3 hadi 4 bila kuacha maji yatuame, kwani fangasi huhitaji hewa. Wiki 2 za mwisho usimwagilie kabisa: mtama unapokauka, fangasi hutengeneza spora, yaani chembe zao za kuzaliana. Kata mashina, katakata mizizi vipande vya sentimita 1, uirudishe mchangani. Hiyo ndiyo mbegu yako. Ianike kivulini, uihifadhi mahali pakavu penye ubaridi.

Wakati wa kupandikiza, tia mbegu hiyo shimoni, vijiko 2 vya chakula, na mizizi ya mche ikae juu yake. Kunyunyiza juu ya tuta ni kuitupa.

Baada ya wiki 6, pima kama fangasi wameingia kwenye mizizi ya mche. Chemsha vijizizi katika hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 hadi vipauke (vaa glavu na miwani, huunguza), suuza mara kadhaa, kisha chemsha dakika 3 katika siki nyeupe yenye wino wa kalamu asilimia 5. Loweka dakika 20 katika maji yenye matone ya siki. Kwenye hadubini, tafuta vifuko vya mviringo na vijiti vyenye matawi mengi kama kichaka ndani ya seli. Nyuzi zenye vikato vingi (kuta zinazozigawa vipande) ni fangasi wengine. Mzizi ukiwa umeshika wino wote, hukuusuuza vya kutosha. Rudia kwa kipande kingine.