Jinsi ya kupima kasi, mizani na pumzi ya wachezaji viziwi

Ninafundisha timu ya mpira ya viziwi hapa Arua. Mara ya kwanza nilipowapima mbio za mita 30 nilipuliza filimbi, kama nilivyozoea. Winga wangu wa kulia akafika wa mwisho, nami nikaandika daftarini: mzito. Wiki iliyofuata nikayafuata macho yake. Hakuwa akitazama mbele. Alikuwa akimtazama mwenzake wa pembeni anayesikia kidogo, na alipoona yule ameinua mguu ndipo naye akaondoka. Nilikuwa nimepima sikio nikidhani nimepima miguu. Uziwi wenyewe haupunguzi nguvu za misuli wala pumzi, kwa hiyo kila hatua hapa ina kazi moja: kuliondoa sikio kwenye kipimo.

Hatua ya 1: Eleza kwa macho

Wapange nusu duara, kila mmoja akuone. Jua likupige wewe usoni, si wao. Anayekunja macho kwa jua zinampita alama nyingi. Mkalimani asimame ubavuni pako, nawe usiongee huku umeinama kupanga koni. Majumbani mwa wachezaji wangu kunazungumzwa Kilugbara, Kikakwa, Kialur na Kiswahili. Lugha ya Alama ya Uganda ndiyo inayowakutanisha, ila wengine wameianza wakiwa wakubwa. Basi mmoja afanye kipimo chote wenzake wakitazama, kisha kila mtu ajaribu mara moja bila kuandikiwa.

Anayevaa shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, alivue, alifunge kwenye kitambaa kikavu. Jasho huliharibu, na hata kwenye Deaflympics, michezo ya dunia ya viziwi, haliruhusiwi wakati wa kushindana.

Hatua ya 2: Mizani, kabla hawajachoka

Mizani hapa ni uwezo wa mwili kusimama bila kuyumba. Usiiruke hatua hii. Sikio la ndani lina sehemu ya kusikia na sehemu inayoupa mwili habari za mizani, na zote mbili zimekaa pamoja. Homa ya uti wa mgongo, kwa mfano, inaweza kuziharibu zote kwa mpigo. Ndiyo maana utakuta mchezaji mwenye nguvu anayumba akigeuka ghafla. Mwingine ni kiziwi vilevile na mizani yake haina kasoro yoyote, kwa hiyo usikisie: pima.

Avue viatu, asimame kwa mguu mmoja, mikono kiunoni, sekunde 30. Kisha mguu wa pili. Halafu arudie akiwa amefumba macho, wewe ukiwa karibu wa kumdaka. Kabla hajafumba, mkubaliane kwamba ukimgusa bega maana yake ni "fumbua", kwa sababu akishafumba huna njia nyingine ya kusema naye. Anayesimama imara macho wazi, kisha anaanguka mara tu akifumba, huenda anategemea macho kufidia sikio la ndani. Huyo usimpime jioni giza likiingia. Mpe mazoezi ya mguu mmoja akipasiana mpira, dakika 10, mara tatu kwa wiki.

Hatua ya 3: Kuruka na kukimbia

Kuruka ni rahisi: chaki vidoleni, aruke aguse ukuta, majaribio matatu, andika bora.

Kwa mita 30 siku hizi situmii ishara yoyote. Mchezaji anaondoka akiwa tayari, na mwenye saa anaanza kuhesabu mguu wa nyuma unapoachana na ardhi. Nilipompima winga wangu hivyo, nilikata lile neno "mzito" yeye akiwa anatazama.

Hatua ya 4: Pumzi

Hapa ndipo wengi huharibu. Katika kipimo cha bipu, mchezaji hukimbia kwenda na kurudi kati ya mistari miwili ya mita 20, afike kabla ya kila mlio wa rekodi ya sauti. Rekodi ninayotumia huanza kwa kilomita 8.5 kwa saa na kuongeza 0.5 kila dakika, yaani kila ngazi. Mwanzoni mita 20 ni kama sekunde 8 na nusu. Ngazi ya pili ni sekunde 8 kamili. Anayesikia huushika mdundo huo kwa sikio. Kiziwi akipewa kibendera kwenye mstari tu, anajua amechelewa wakati ameshachelewa.

Weka watu watatu wanaosikia. Wawili wasimame mita 3 nyuma ya kila mstari, vibendera usawa wa kifua ili mkimbiaji asiinue shingo, wainue kila bipu inapolia. Wa tatu akimbie katikati ya wachezaji ngazi tatu za kwanza, awe mdundo wao, kisha atoke. Wakimbie wanne wanne, wasizibane. Anayekosa mstari mara mbili mfululizo, msimamizi asimame mbele yake na kumpa alama ya kuacha. Usimvute jezi kwa nyuma.

Hatua ya 5: Andika

Andika saa, hali ya uwanja, viatu, na nani alishika vibendera, kwa sababu mkono mzito wa mshika bendera huharibu matokeo ya kila mtu. Rudia baada ya wiki 8, watu walewale, uwanja uleule. Kisha mwonyeshe kila mchezaji ukurasa wake, namba zake za zamani kando ya mpya, na umpe muda wa kukuuliza maswali kabla hujafunga daftari.